Cherehani za Miguu

Zililetwa Jumanne, kumi, kwenye lori
lililobeba pia matofali ya mtu wa Ebusakami.
Nyeusi, zinang'aa, maua ya dhahabu ubavuni,
kila moja na utepe mwekundu kiunoni
kama bibi harusi.

Tulijipanga barazani, viti vya magurudumu mbele.
Tukapiga makofi.
Andeyo, mwenye mkono mmoja, alijipiga paja.
Bwana Okumbe akasoma hotuba,
jasho likimtiririka ndani ya suti ya Nairobi:
chama cha watu wa nyumbani kilikaa vikao vinne,
kikachanga, kikakopa.
Kutoa ni moyo, akasema, usambe ni utajiri.

Hakuna aliyetazama chini.

Chini palikuwa na kanyagio.
Pana, la chuma, limechongwa mistari
ili wayo usiteleze.

Nyayo zangu mimi hazijateleza popote
tangu nilipokuwa na miaka mitatu.

Wageni walipoondoka, soda zao nusu mezani,
Mwalimu Ayuma aliketi juu ya sanduku tupu,
akacheka hadi akashika mbavu,
kisha akanyamaza vibaya.
Tuziuze? Tuwaandikie barua?
Nani humwambia aliyemlisha
kwamba ugali ulikuwa mbichi?

Ombima hakuisikia hotuba.
Hajasikia kitu tangu ile homa ya uti wa mgongo.
Yeye alikuwa ametazama.
Akapiga magoti, akazungusha gurudumu kwa kidole,
akanikagua mabega, viganja, sugu za viganja,
mikono hii inayonisukuma kutoka Luanda sokoni
hadi hapa, kilima chote, tope likiwepo na lisipokuwepo.
Akaongea kwa vidole:
wiki moja,
na baiskeli iliyokufa.

Luanda baiskeli zilizokufa ni nyingi kuliko wachungaji.

Usiku tuliona cheche kwenye dirisha la karakana.
Akakata kanyagio, akachomelea mnyororo,
akapandisha mpini hadi usawa wa kifua changu.
Ya Nabwire akaiinamisha, kwa kuwa mgongo wake umeinama.
Ya Osore akaipa mpini kushoto.
Ya Andeyo peke yake hakuigusa:
miguu anayo, tena ya kucheza mpira.

Zilikuja zikifanana kama mayai ya kuku mmoja.
Kufikia Agosti hapakuwa na pacha.

Bwana Okumbe alirudi mwaka uliofuata, bila hotuba,
na pale langoni seng'enge ikamshika suruali
ikaipasua kutoka goti hadi mfukoni.
Ivue, nikamwambia.
Akajibanza nyuma ya pazia, akatoka na leso yangu,
miundi nje, soksi za kijivu,
akaketi kwenye benchi la wateja
kati ya mama wa sare za shule na mtoto mwenye mafua.

Mtu aliyefungwa leso hana pa kukimbilia.
Akatazama.
Mkono wangu wa kulia unazungusha,
wa kushoto unaongoza kitambaa,
sindano inatembea.
Akatazama chini, pale palipokatwa,
kovu la chuma, rangi haikurudishwa.
Alikaa hapo muda mrefu kwa macho.
Hatukusaidiana.

Ngapi? akauliza.
Mia na hamsini.
Akanipa elfu moja. Baki nayo, binti.
Nikafungua kopo.
Nikamhesabia chenji yake kiganjani, noti kwa noti,
na ile hamsini ya mwisho kwa sarafu za kumi,
mama wa sare akihesabu pamoja nami kwa sauti.

Kutoa ni moyo. Sibishi.
Lakini moyo nao upewe macho,
au angalau uulize njia kwa walio barabarani.

Mwezi uliopita imekuja barua ya chama.
Safari hii hakuna lori. Kuna swali:
mnahitaji nini?
Mwalimu Ayuma aliisoma mara mbili,
akampelekea Ombima kalamu.
Ameandika kurasa tatu. Amechora.
Mstari wa kwanza kabisa,
umepigiwa kistari chini mara mbili:
nyuzi.